Walichokitafuta Kooni

Usaha wa masikio una harufu ambayo mama huizoea na wengine hawaizoei. Mwanangu alianza kutoka usaha kabla hajajua kukaa, na tangu hapo nilijua nani ananipenda kwa kutazama nani anampakata. Mama yangu alimpakata. Alikuwa anasokota pamba kwenye kijiti cha ufagio, anamsafisha taratibu huku anamwimbia, kisha ananawa mikono na kuendelea na chakula chake. Baba yake alimpakata mwanzoni. Baadaye akawa anamshika mkono tu.

Tulikuwa tumepanga chumba Mji Mpya. Mume wangu alikuja Morogoro kutoka mikoa ya ziwa, akapata kazi katika kiwanda cha nguo. Mimi kwetu ni Kinole, juu mlimani. Nilipomaliza darasa la saba nikawa nashuka na matunda ya shamba la mama kuyauza sokoni, na huko ndiko tulikojuana. Alinunua papai, akalila palepale amesimama, akaniambia halina utamu. Kesho yake akarudi kununua lingine. Nikamuuliza, si ulisema halina utamu? Akasema amekuja kuhakikisha. Alikuwa mtu wa namna hiyo, na siwezi kuandika kana kwamba hakuwa.

Kwao mtoto ni wa baba. Kwetu mtu ni wa ukoo wa mama yake, na wale waliotoka kwa bibi mmoja tunawaita tombo moja, maana yake titi moja. Shamba hupita huko, tambiko hupita huko. Mtoto wetu alipozaliwa, wa kwanza na wa kiume, mume wangu alitoa utani mbele ya wazee kwamba atakuwa wa kwao siku za kazi na wa kwetu siku za mapumziko. Wazee wakacheka. Mjomba wangu akamjibu kwamba basi ndiyo tumepata faida, maana mtoto hafanyi kazi.

Baada ya masikio kikaja kifua. Akipona kifua yanakuja majipu, akipona majipu masikio yanaanza tena. Nilimjua mwanangu kwa joto lake. Hata sasa nikigusa kikombe cha chai chenye joto kiasi fulani mkono wangu unamkumbuka.

Siku hizo ndizo watu walizoziita za ruksa. Madukani vitu vilirudi: sabuni za kunukia, vitenge, maziwa ya kopo. Maduka ya dawa ya watu binafsi yalifunguliwa hadi uchochoroni, dawa zimepangwa kwenye kioo kama pipi. Papo hapo hospitali ikaanza kutaka mgonjwa achangie, na kiwandani wakaambiwa anatafutwa mnunuzi na watu watapunguzwa. Kwa hiyo dawa zilikuwa karibu yetu kuliko wakati wowote, na sisi tulikuwa mbali nazo kuliko wakati wowote.

Majirani walishasema wanachosema. Mtoto anayekohoa na kukonda miaka ile alikuwa na jina moja tu, nalo halikutajwa, liliitwa ule ugonjwa. Tulipimwa sote watatu, tukakutwa hatuna. Nilidhani nitafurahi. Nilitoka pale sijui hata nifurahie nini, maana mtoto alikuwa mgongoni anakohoa.

Daktari wa watoto ndiye aliyetupeleka kwa watu wa utafiti. Walikuwa wamepewa chumba nyuma ya wodi, wanatafuta watoto ambao miili yao haina kinga tangu kuzaliwa. Mkuu wao alikuwa daktari Mtanzania aliyesomea ng'ambo, mtu mpole, anamwamkia mama yangu shikamoo kabla hajakaa. Mara nyingine aliletewa wageni, mara nyingine wanafunzi. Kwao hatukuchangia chochote. Dawa zao zilikuwa bure, na mtoto akipimwa alipewa biskuti.

Mama alikuwa akishuka kutoka Kinole kila siku ya kliniki, ana kikapu kichwani. Alimpenda sana muuguzi wa chumba kile, kwa sababu alikuwa binti wa ukoo unaotaniana na wetu. Walianza siku ya kwanza, mara tu walipojuana ukoo. Muuguzi alishika bomba la sindano akasema, "Huyu bibi ndiye wa kuchomwa, mtoto hana kosa." Mama akamjibu, "Nichome. Lakini ninyi wa ukoo wenu tangu lini mkashika kitu chenye ncha, zaidi ya jembe la kuazima?" Chumba kizima kilicheka, hata mgeni ambaye hakujua Kiswahili.

Jambo ambalo lazima nilieleze vizuri ni koo. Kila tulipokwenda, daktari alimkalisha mwanangu kwenye mapaja ya mama, akamwambia apanue mdomo, akabana ulimi kwa kijiti cha ubao na kumulika kwa tochi. Akiwa na wanafunzi aliwaita wapite mmoja mmoja. Wanachungulia, wanatikisa kichwa, wanasemezana Kiingereza. Masikio, ambayo ndiyo yaliyokuwa yakinuka, waliyatazama haraka. Kifua walisikiliza mara moja. Kooni walikaa. Mama ndiye aliyekuwa amemshika kichwa, kwa hiyo kila mara nyuso zao zilikuwa karibu na uso wake, na yeye alikuwa akitazama wanatazama wapi.

Siku moja daktari aliniuliza kama katika ukoo wetu kuna watoto wengine wa kiume waliokufa wadogo kwa namna hii. Nilimjua kaka yangu mmoja tu, niliyesimuliwa. Mama akasema mimi sijui kitu, niliondoka nyumbani mapema. Alikuwa ametuletea mahindi na maharage. Akatandika khanga sakafuni, akafungua kikapu.

"Mahindi wanawake," akasema. "Maharage wanaume. Nitazameni."

Akaweka punje moja ya hindi juu, bibi yake aliyemzaa mama yake. Chini yake akapanga mahindi na maharage, watoto wa bibi huyo, kisha watoto wa kila hindi na wa kila harage lililowahi kuoa, kisha watoto wa hao. Kila harage la mtoto wa kiume aliyekufa kabla ya kufika jando alilisogeza pembeni kidogo, akataja alikufa wakati gani: mvua za masika, msimu wa njaa, wakati wa kuhama shamba la mtoni. Hakukosea wala hakurudi nyuma. Daktari alichuchumaa na viatu vyake vizuri. Alitazama kwa muda mrefu. Akamwita mgeni, wakaongea haraka haraka, akapiga picha ile khanga kutoka juu.

"Bibi," akasema, "mngekuwa watu wa kuhesabu upande wa baba, nisingeyaona haya maisha yangu yote."

Mama akamuuliza, "Umeona nini, mwanangu?"

"Tutawaeleza, bibi."

Neno hilo ninalikumbuka kwa sauti yake. Hakulisema kwa kutuondoa. Alilisema kama mtu anayeahidi. Mama akarudisha mahindi na maharage kikapuni, lakini yale ya pembeni, ya wale waliokufa, aliyafunga kwenye pindo la khanga. Nikamuuliza mbona hayo hayachanganyi. Akasema ameshawataja, hawezi tena kuwapika.

Kliniki iliyofuata daktari alimtaka baba wa mtoto. Mume wangu aliomba ruhusa kazini akaja na shati lake la kijani. Muuguzi akaniambia nisubiri nje na mama na mtoto. Tukakaa kwenye benchi la ukumbini. Mlango ulifungwa. Mama alimenya chungwa, akamlisha mtoto kipande kipande, akasema watu hawa wana adabu, wanamwita mwenye mali. Ila akacheka kidogo, maana kwetu mwenye mali ni yeye.

Mume wangu alikaa ndani muda mrefu. Alipotoka alikuwa anafuta uso kwa kitambaa. Nikamuuliza wamesemaje.

"Wamesema wataanza sindano za kinga. Ataendelea vizuri."

"Hivyo tu?"

"Hivyo tu, mama mtoto. Twendeni."

Njiani alinunua miwa, akaibeba begani hadi nyumbani bila kuila. Nilidhani ni furaha imemshika.

Na kweli mtoto aliendelea vizuri. Siwezi kuwanyima hilo. Sindano zile zilikuwa za pajani, nzito, zinauma, na dawa yenyewe muuguzi alituambia inatolewa katika damu za watu wengi wazima wanaojitolea huko nje. Mama alilipenda sana jambo hilo. Akirudi Kinole aliwaambia watu kwamba mjukuu wake anatembea na nguvu za watu asiowajua. Masikio yalikauka. Nilikaa na kunusa kichwa chake nikakuta ananuka kichwa cha mtoto, mafuta na jua, kama watoto wengine. Akaanza kukimbiza tairi uani. Akawa na kelele. Jirani aliyekuwa haingii chumbani kwetu akaanza kumtuma dukani.

Kisha kiwanda kikauzwa na mume wangu akapunguzwa. Walipewa kidogo, akaingia kwenye biashara ya mitumba. Alikuwa anakwenda Dar es Salaam kuchukua marobota, anakaa huko siku nyingi zaidi ya zile nilizoambiwa. Chumba kikatushinda. Tukakubaliana mimi na mtoto twende Kinole kwa muda, yeye atafute mtaji. Tukawa tunashuka kwa gari la ndizi kwenda sindano na kurudi nalo.

Siku moja nilishuka na mtoto nikakuta chumba cha utafiti kimefungwa. Meza zao zimesimamishwa wima ukumbini. Mlinzi akaniambia wameondoka, mradi umekwisha, labda watarudi. Nilimuuliza dawa iko wapi. Akasema yeye ni mlinzi. Nilipokwenda tena mwezi uliofuata, mlango ulikuwa wazi, na ndani kumewekwa dirisha la wavu na watu wamepanga foleni. Ndipo palipokuwa pa kulipia uchangiaji. Yule muuguzi alikuwa likizo kwao. Kwenye duka la dawa nililoelekezwa, kijana alisikiliza maelezo yangu hadi mwisho, akasema dawa hiyo hawajawahi hata kuiona, na kwamba anayeitaka huiagiza Ulaya.

Masikio yakaanza tena. Kikohozi kikarudi, kile cha asubuhi kinachomkunja mtoto kama anatafuta kitu chini. Nikamwambia mama nitashuka peke yangu, nitamngoja yule daktari mpaka nimpate, maana nilisikia anakuja mara mojamoja kumalizia mambo yake. Nikafikia kwa jirani wa zamani Mji Mpya. Kila asubuhi nilikaa nje ya hospitali, chini ya ukuta, natazama magari. Hakuja. Mwishoni mtu mmoja wa ofisini alinionea huruma akaniambia daktari amesharudi ng'ambo.

Niliporudi Kinole nilimkuta mama amekaa barazani, mtoto amelala mapajani. Mama alikuwa anatabasamu.

"Amelala bila kukohoa," akasema. "Nimempeleka akakatwa kimeo."

Kwa asiyejua: kimeo ni kile kinyama kinachoning'inia nyuma ya koo. Kwetu, na si kwetu tu, mtoto akikohoa bila kupona wapo wanaosema kimeo chake kimerefuka, kinamkwaruza, na yupo mzee wa kukikata. Anatumia waya wenye ncha iliyopindwa. Wengi wamekatwa, mimi mwenyewe nimekatwa. Lakini mama hakuwahi hata mara moja kulitaja jambo hilo tangu tulipoanza kwa watu wa utafiti.

Nikamuuliza, "Mama, nani amekwambia?"

"Wao wenyewe."

"Wamesema lini?"

"Hawakusema. Wametazama. Mara zote zile si walikuwa wanatazama palepale? Mimi nilikuwa nimeshika kichwa. Nikajua ugonjwa umekaa kooni, wanaulegeza kwa sindano. Sasa wameondoka. Nani wa kuumaliza kama si mimi?"

Hata mimi sikujua kooni walikuwa wanatazama nini.

Homa ilianza kesho yake. Shingo ikavimba. Tulimfunga kwenye khanga tukapanda gari la ndizi, mimi na mama, mtoto katikati yetu. Alituuliza kama kule kuna biskuti. Mama akamwambia zipo. Tulipofika Kiroka alikuwa ameshatulia kwa namna ambayo wote wawili tuliijua na hakuna aliyetaka kuitamka. Dereva alitazama kioo, akasimama, akageuza gari. Ndizi zake zilikuwa zinasubiriwa sokoni na hakuna aliyemwomba. Aliturudisha hadi mlangoni, akavua kofia.

Alizikwa siku ileile, kabla ya jua kuzama. Baba yake alipata habari Dar, akafika wakati matanga yamekwisha. Alikwenda kaburini akalia kwa sauti, na kilio kile kilikuwa cha kweli, nimekisikia mwenyewe. Akampa mama mkono. Akasema kazi ya Mungu. Kisha akashuka, akidai mzigo wake uko stendi.

Baada ya arobaini nilishuka hospitali. Sikuwa na haja yoyote pale. Nilitaka tu aliyemjua asikie kwamba hayupo. Muuguzi alikuwa amerudishwa wodi ya watoto. Aliponiona peke yangu aliniketisha, na kwa mara ya kwanza hakunitania. Nikamweleza yote, nikafika kwenye kimeo. Akashika mdomo.

"Lakini baba yake alielezwa," akasema. "Alielezwa kila kitu. Asikatwe popote, asichanjwe, hata jando asiingizwe bila daktari kujua. Alielezwa na siku ambayo dawa zitakwisha. Hakukwambia?"

Nikamwambia aniambie yeye, kana kwamba mimi ndiye niliyeitwa ndani siku ile.

Akaniambia. Hakutumia maneno makubwa. Damu ya mwanangu haikuwa na askari, na haikuwa nao tangu tumboni. Ugonjwa huo mama huubeba bila kuugua, na mtoto wa kiume ndiye anayeugua, si kila mtoto, ni kama bahati nasibu. Ndicho daktari alichokiona kwenye khanga ya mama: kila harage la pembeni lilikuwa chini ya hindi, hakuna hata moja lililokuwa chini ya harage. Nikamuuliza kuhusu koo.

"Kila mtoto ana tezi kooni, huku na huku," akasema. "Wa kwako hakuwa nazo kabisa. Ni dalili ya ugonjwa ule. Ni kama unavyoona paa halitoi moshi ukajua ndani hakuna mtu. Ugonjwa haukuwa pale. Palikuwa patupu tu."

Nilimuuliza kwa nini hawakumwambia mama yangu, aliyewapa ukoo mzima sakafuni. Alitazama mikono yake. Akasema utaratibu ulikuwa kumweleza baba, ndiye anayekubali kwa niaba ya mtoto. Halafu akasema, polepole, kwamba yeye mwenyewe ni mtu wa huku, alijua kwetu mtoto ni wa nani, na alinyamaza kwa sababu hakuulizwa.

Kutoka hapo nilikwenda sokoni. Mume wangu alikuwa na kizimba chake, amepanda juu ya meza, ameshika vikoti viwili vya watoto anavipunga. "Ulaya imekuja kwenu, mama! Chagua, chagua, baridi ya Mgeta haichagui mtu!" Watu walikuwa wanacheka, na mimi nilikumbuka papai. Nilisubiri mpaka wateja walipopungua. Akashuka.

"Mama mtoto," akasema, kisha akasita, maana neno hilo halikuwa na kazi tena. "Karibu. Pole."

Nikamuuliza, "Siku ile nilipokaa kwenye benchi, daktari alikwambia nini?"

Alianza kukunja kikoti kimoja, akafunga vifungo vyake vyote mpaka juu.

"Alisema ugonjwa umetoka kwenu."

"Na sindano?"

"Zitakwisha mradi ukiisha."

"Na kukatwa?"

Akachukua kikoti cha pili. Akasema, "Ningekwambia zinakwisha, ungezitoa wapi? Ningekwambia umetoka kwenu, ungesema nawasingizia. Nilikuonea huruma."

"Ningemwambia mama asimkate."

"Aliyemkata si mimi," akasema.

Alilisema kwa sauti ya chini, macho kwenye vifungo. Nafikiri alikuwa ameshajiambia hivyo mara nyingi kabla sijaja. Wakati huo akatokea msichana nyuma ya kizimba, amebeba chakula kwenye hotpoti, tumbo limeshaonekana. Alinipigia goti kidogo. "Shikamoo, dada." Nikaitika marahaba. Hakuwa na kosa. Akanikaribisha nile nao.

Baadaye, kwa watu wa sokoni niliouzia nao matunda, nilipata habari ya namna alivyoposa. Wazazi wa msichana walisikia kwamba amefiwa na mtoto kwa ugonjwa wa ajabu, wakawa na wasiwasi. Akawatuliza. Akawaeleza kwa ufasaha kwamba daktari bingwa amethibitisha ugonjwa ni wa upande wa mama, damu yake yeye ni safi, na hata dalili zake akawaeleza, hadi za kooni. Maneno niliyonyimwa mimi, wao walipelekewa pamoja na posa. Alikuwa anayajua yote. Hakuwa amesahau hata moja.

Sijui nimchukie nani zaidi, na nimeacha kupima. Daktari alituheshimu kwa shikamoo na kutuacha nje ya mlango. Huyu mwingine alilala nami chumba kimoja, akasikia mtoto akikohoa, akaniona nikimfunga mgongoni kwenda kuchomwa, akajua siku itakayokuwa ya mwisho, akaniacha niende nikaone mwenyewe meza zimesimamishwa ukumbini.

Lakini lililokuwa mbele yangu siku ile, gari likipanda kwenda Kinole, halikuwa hao wawili. Lilikuwa mama. Tangu mazishi alikuwa amekonda. Alikuwa hasemi kwamba amekosa, wala sikuwahi kumwambia. Lakini alikuwa akimwona mtoto yeyote anapiga miayo, anageuza uso. Nilifikiri: nikinyamaza, nimefanya kama wao. Nikisema, nampa kitu ambacho hatakitua tena. Mpaka gari linapita Mkuyuni nilikuwa nimeshakubali kunyamaza.

Nilimkuta anachambua pilipili manga kwenye ungo. Nilikaa, nikamsaidia. Hakuniuliza habari za mjini. Baada ya muda, bila kuinua kichwa, akaniuliza.

"Kooni kwake walikuwa wanatafuta nini?"

Ndivyo alivyouliza, wazi, mtu aliyekwisha kulifikiria swali hilo peke yake. Nikaona sina haki ya kumfungia mlango.

"Walikuwa wanatazama kitu ambacho hakikuwepo, mama. Watoto wengine wanacho. Yeye hakuwa nacho."

Akaendelea kuchambua. Vidole vyake havikukosea, vikonyo huku, punje huku. Kisha vikasimama.

"Na mimi nikakata kilichokuwepo," akasema.

Nilimshika mkono na hakuutoa. Alilia bila sauti, kwa muda, na mimi pia, tukiwa tumekaa vilevile na ungo kati yetu. Sikumwambia si kosa lako. Ingekuwa kweli, lakini ingekuwa haraka mno. Nilimweleza nilivyoelezwa na muuguzi, tangu mwanzo. Nilipofika kwenye mahindi na maharage aliinuka, akaingia ndani, akarudi na ile khanga. Pindo lilikuwa bado limefungwa. Akalifungua, akayamwaga maharage yale sakafuni, akaleta na mahindi. Akaweka harage jingine jipya, pembeni, chini ya hindi ambalo ni mimi. Alikuwa hajaliweka mpaka siku hiyo.

Akatazama kama daktari alivyotazama. Naye akaona.

Mdogo wangu wa kike, anayenifuata, aliyekaa na mumewe hapohapo kwa mama, alikuwa jikoni anachochea moto. Alikuwa ameolewa mwaka ule na mimba yake ilikuwa changa, bado anaificha kwa kufunga khanga juu juu. Mama alimjua hata kabla hajasema.

"Mwite mdogo wako," akaniambia. "Aje na mumewe. Wakae hapa wote wawili."

Wakaja, wakakaa mkekani. Nikaanza upya, kutoka hindi la kwanza.